Mnahakiki Rap Huku Mmeziba Masikio

Wapenzi wa fasihi, leo sina maneno laini. Uhakiki wetu wa rap umegawanyika makundi mawili, na yote mawili hayasikilizi.

Kundi la kwanza ni watu wa fasihi wenyewe. Wanapata wimbo wa hip hop uliochangamka, wanaandika maneno yake kwenye karatasi, halafu kazi inaanza: hapa kuna sitiari, hapa tashihisi, hapa takriri, dhamira kuu ni ugumu wa maisha ya vijana, ujumbe ni kwamba tusikate tamaa. Wamemaliza. Na muziki wenyewe? "Mdundo wake unavutia." Sentensi moja, nukta.

Kundi la pili limeletwa na intaneti. Hawa hawana habari na maneno. Wanabandika jedwali: mapigo kadhaa kwa dakika, ufunguo fulani, nguvu asilimia kadhaa, uchezekaji asilimia kadhaa, furaha asilimia kadhaa, na chini yake orodha ya nyimbo zinazochanganyika nao vizuri. Siku hizi naona makundi haya yameanza kuoana. Mhakiki anachambua maneno kwa aya nane, kisha aya ya tisa ananakili jedwali ili naye aonekane kagusa muziki. Ndoa ya watu wasiosikilizana.

Mimi nasema hivi: katika rap, mwendo, ufunguo na miksi ni sehemu ya shairi lenyewe, kama vina na mizani vilivyo sehemu ya shairi la kimapokeo. Huwezi kuviacha nje halafu ukadai umehakiki. Na kama kuna mahali ambapo kosa hili lina gharama kubwa, ni huku kwetu Bukoba na Muleba. Lugha yetu ya nyumbani, Kihaya, hubeba maana ndani ya urefu wa irabu na ndani ya kupanda na kushuka kwa sauti. Ukikosea mwendo, neno linageuka. Ukikosea ufunguo, neno linapinda. Ukikosea miksi, neno halipo kabisa.

Jedwali linajua nini?

Nilitendee haki kwanza. Jedwali lina kazi yake, na kazi hiyo ni ya DJ. Jumamosi kwenye sherehe Kashai au Muleba mjini, DJ anatakiwa atoke kwenye wimbo wa Kihaya aingie kwenye wa Kiganda, kutoka hapo aingie amapiano, na watu wasisimame. Akijua mapigo ya kila wimbo anaweza kuyalinganisha miguu isijikwae. Akijua ufunguo, au kii kama wanavyosema wanakwaya, anaweza kuepuka nyimbo mbili kugombana zikipishana. Ma-DJ wana hata gurudumu lao, la Camelot, lenye namba 1 hadi 12 na herufi mbili: A kwa maina, B kwa meja. Wimbo ulio 8A, yaani A maina, unapokelewa vizuri na 7A, 9A au 8B. Ni chombo safi cha kazi, sawa na futi ya seremala.

Tatizo linaanza pale futi inapotumika kueleza uzuri wa kiti.

Chukua mwendo. Programu inayopima mapigo hutafuta vishindo vinavyojirudia, kisha inakadiria. Haijui mguu wa msikilizaji unafuata kishindo kipi. Ndiyo maana wimbo mmoja wa trap utaukuta umeandikwa mapigo 70 mahali pamoja na 140 mahali pengine, na kwa hesabu wote wako sawa. Lakini mchanaji hakai pote pawili. Anayehesabu 70 anapumua tofauti na anayehesabu 140, anaweka kina tofauti, anatua tofauti. Kile ambacho jedwali haliwezi kuamua ndicho hasa ambacho mhakiki anatakiwa kutuambia.

Vuka Mutukula uone mambo yanavyozidi kuwa magumu. Kwenye amadinda ya Buganda, wapigaji wawili hukaa pande mbili za marimba moja, kila mmoja akipiga noti zake katikati ya noti za mwenzake. Kila mmoja ana mwendo wake anaoumudu, lakini kinachosikika ni kitu chenye kasi maradufu, ambacho hakuna mkono mmoja unaokipiga. Sasa niambie, mwendo wa wimbo huo ni upi? Wa mpigaji wa kwanza, wa pili, au wa yule anayecheza? Ngoma nyingi za ukanda huu wa Maziwa Makuu hulaza tatu juu ya mbili, na mchezaji hodari huhama kutoka moja kwenda nyingine ndani ya wimbo huo huo. Jedwali linakupa namba moja tu, tena bila aibu.

Ufunguo nao ni vivyo hivyo. Mashine hukusanya sauti zote za wimbo, huzigawa kwenye mafungu 12 ya kinanda cha Kizungu, kisha hulinganisha na vielelezo vya funguo 24. Vielelezo vinavyojulikana zaidi vilitokana na majaribio ya Carol Krumhansl na Edward Kessler yaliyochapishwa mwaka 1982, na wasikilizaji wao walikuwa watu waliolelewa na muziki wa Magharibi. Sina ugomvi na majaribio yale. Nina ugomvi na tabia ya mashine kutokusema "huu haunihusu". Ukiipa muziki wa Buganda, ambao hugawanya oktavu katika hatua tano zinazokaribia kulingana, bado itakupa ufunguo. Ukiipa nanga ya Muhaya, ambaye ametega nyuzi zake kwa sikio ili zikae na koo lake la siku hiyo, itakupa ufunguo. Na mhakiki wetu ataunakili.

Kuhusu nguvu, uchezekaji na furaha, vipimo hivi vilienezwa na kampuni ya Echo Nest, ambayo Spotify iliinunua mwaka 2014. Nguvu maana yake, kwa sehemu kubwa, ni ukubwa wa sauti na wingi wa vishindo. Wimbo wa kuomboleza ukipigwa kwa ngoma nzito utaonekana una nguvu. Mchongoano mkali unaotamkwa kwa upole juu ya besi tupu utaonekana umelala. Novemba 2024 Spotify yenyewe iliwafungia waundaji wapya wa programu mlango wa vipimo hivyo. Sisi bado tunavinukuu kana kwamba ni aya za msahafu.

Mizani 16, nafasi 16

Nirudi kwa wenzangu wa fasihi, maana hawa ndio wanaoniuma zaidi. Walitakiwa wajue.

Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alitoa *Sheria za Kutunga Mashairi*. Leo jina lake hutajwa kama la askari wa vina na mizani. Lakini yeye aliamini kwamba shairi ni wimbo, na kwamba shairi lisiloimbika halina thamani. Yaani hata yule tunayemchora kama bwana wa hesabu alikuwa anahesabu kwa ajili ya koo na sikio. Sisi tumebaki na hesabu, koo tumelitupa.

Hebu tufanye hesabu hiyo kwa faida ya rap. Mshororo wa shairi la kawaida una mizani 16, nane upande wa ukwapi na nane upande wa utao. Baa moja ya hip hop ina mapigo manne, na kila pigo mchanaji hulikata vipande vinne. Nne mara nne, nafasi 16. Kwa hiyo mshororo mzima wa shairi letu unaingia ndani ya baa moja, na kituo cha katikati kinaangukia pale pale baa inapogawanyika nusu. Sidai kwamba kuna aliyepanga hivyo. Nasema mtu wa fasihi ya Kiswahili alipaswa kuwa wa kwanza kuligundua jambo hili, badala ya kukaa anaorodhesha tashbiha.

Sasa ongeza mwendo uone. Kwa mapigo 90 kwa dakika, baa inachukua takriban sekunde 2.67. Ukijaza nafasi zote 16 unatamka silabi sita kwa sekunde, kasi ya mtu anayebishana kwa raha. Kwa mapigo 110, baa ni sekunde 2.18, na silabi zinapita saba kwa sekunde. Hapo ulimi unaanza kutoa jasho. Kwa mapigo 120 ni silabi nane. Kwenye singeli ya mapigo 240, baa nzima ni sekunde moja, kwa hiyo mchanaji analazimika kupunguza maneno, kurudia, kupiga kelele za kuhamasisha, kuacha baa tupu. Mtindo wa lugha ya singeli haukutokana na uvivu wa vijana, kama wazee wengi wanavyolalama. Sehemu yake kubwa imetokana na hesabu ya pumzi. Mhakiki anayeandika "wimbo huu una takriri nyingi" bila kutaja mwendo hajaeleza kitu. Amehesabu nyayo bila kujua mtu alikuwa anatembea au anakimbizwa.

Kisha kuna mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kwenye biti, kofi la sneya huanguka pigo la pili na la nne. Mchanaji mzuri hupanga maneno ili mkazo na kofi vikutane, au ajue kwa nini anaviachanisha. Akikosea, mambo yanaharibika kweli: *barabara* yenye mkazo kwenye *ba* ya pili ni njia ya magari, na *barabara* yenye mkazo kwenye *ra* ya kwanza ni sawasawa, vizuri kabisa. Herufi ni zile zile. Kwenye karatasi huwezi kuona tofauti. Kwenye biti unaisikia, na mchanaji mwerevu anaweza kucheza na zote mbili ndani ya mistari miwili. Mhakiki wa karatasi atapitwa na utani wote huo akiwa ameshika kalamu.

Kihaya juu ya biti ya mtu mwingine

Kama Kiswahili, ambacho hakina toni, kinaathirika hivyo, Kihaya je?

*Okusiba* ni kufunga kitu. *Okusiiba* ni kushinda kutwa. Kinachotenganisha maneno haya ni irabu moja kuvutwa. Sasa chukulia kijana wa Nshamba au Kamachumu ameandika mistari yake ya Kihaya nyumbani, akiipiga mezani kwa vidole, mwendo wa taratibu. Anashuka Bukoba mjini studio. Anakuta biti tayari iko kwenye kompyuta, imetengenezwa juu ya mapigo 118 kwa sababu ndiyo inayochezeka mwaka huu. Anaambiwa achane juu yake. Kila silabi lazima iingie kwenye nafasi moja. Irabu ndefu inahitaji nafasi mbili, na nafasi hazipo. Basi anaifupisha. Kushinda kunakuwa kufunga. Bibi yake akisikia atauliza, "Huyu mtoto anasema nini?" Na prodyuza atajibu kwamba Kihaya hakikai kwenye biti.

Waitu, Kihaya kinakaa. Biti ndiyo haikusogea kumpisha.

Toni nayo ipo. Kihaya ni lugha ya toni, na wanaisimu wameitafiti kwa miaka mingi: Ernest Byarushengo na Larry Hyman waliandika juu yake tangu miaka ya 1970 na 1980. Sauti kupanda au kushuka ni sehemu ya neno na sehemu ya sarufi. Manju wa nanga analijua hilo bila kwenda chuo. Wimbo wake hufuata njia ya maneno, na uzi humsindikiza. Sasa mchukue kijana wetu, mpake Auto-Tune nzito iliyofungwa kwenye noti tano au saba za ufunguo wa biti. Programu haijui toni. Kazi yake ni kuvuta kila sauti ipande kwenye noti iliyo karibu. Mteremko mdogo uliokuwa unabeba maana unanyooshwa kama shati kwenye pasi. Shati limependeza, lakini mwenye shati hajulikani.

Profesa M. M. Mulokozi, mwana wa Kagera, aliandika mwaka 1983 kuhusu wapiga nanga wa Tanzania akiuliza kama ni wasanii wa utendi, na mwaka 1986 akakamilisha tasnifu nzima juu ya tendi za nanga za Wahaya. Kazi ile iliwajibu waliodai Afrika haina utendi. Somo ninalolichukua mimi humo ni hili: utendi wa nanga hauko kwenye maneno peke yake. Uko kwenye maneno, uzi, koo na watu waliokaa kusikiliza. Ukiutoa uzi umebaki na muhtasari. Tulikubali hoja hiyo kwa ajili ya wazee wenye nanga. Kwa nini tunainyima kwa kijana mwenye maiki?

Tena ukoo wenyewe unafahamika. Wahaya wana ebyebugo, majigambo ya mtu kujitaja na kutaja ushujaa wake mbele ya mkubwa. Jirani zetu wa Ankole wana ebyevugo, ambazo H. F. Morris alizikusanya kwenye kitabu cha mwaka 1964, na moja ya sifa zake ni kutamkwa kwa kasi kubwa. Mtu anajisifu, kwa kasi, kwa mapigo, mbele ya wanaomjua. Kama hiyo siyo nasaba ya rap, basi sijui nasaba ni nini. Kumbe tatizo halijawahi kuwa kasi peke yake. Babu alikimbia, lakini alikimbia kwa miguu ya lugha yake, akijua irabu ipi ya kuvuta na ipi ya kumeza. Mjukuu anakimbizwa na kompyuta ambayo haijawahi kusikia lugha hiyo.

Na msiniambie haiwezekani. Kampala walishafanya. Babaluku na Bataka Squad walijenga Luga flow, rap ya Kiganda, na Kiganda ni ndugu wa Kihaya mwenye toni na irabu ndefu vile vile. Kiganda kilipewa nafasi, kikatengeneza mtiririko wake. Hata Kiswahili kilianza kwa kuazima: mwanzoni mwa miaka ya 1990 Saleh Jabir aliweka maneno ya Kiswahili juu ya "Ice Ice Baby" ya Vanilla Ice. Kuazima siyo dhambi. Ila zaidi ya miaka 30 baadaye, kijana wa Muleba bado anapewa viatu vya mtu mwingine na kulaumiwa kwamba miguu yake mibaya.

Miksi ndiye mhariri wa mwisho

Kwenye kitabu tuna mhariri. Kwenye rap, mhariri wa mwisho ni anayemiksi, na huyu anafuta maneno bila kumuuliza mwandishi.

Konsonanti zetu, zile *s*, *t*, *k* na *ch* zinazotenganisha neno na neno, zinaishi sehemu za juu za sauti. Huko huko ndiko wanakoishi matoazi na vinanda vikali. Prodyuza akivipandisha vyote ili wimbo "ung'ae", mchanaji anabaki na irabu tu, kama mtu anayeongea akiwa na ndizi mdomoni. Kisha inakuja tamaa ya ukubwa. Sauti nzima inabanwa mpaka minong'ono na makelele vinalingana. Mchanaji alishusha sauti makusudi kwenye mstari wa siri, akapaza kwenye mstari wa kebehi. Miksi imevisawazisha. Kejeli imekufa. Na ukubwa wenyewe ni wa bure, maana Spotify hushusha nyimbo zilizopitiliza zirudi karibu na kipimo cha LUFS -14. Umeua minong'ono yako kwa ajili ya zawadi ambayo unanyang'anywa mlangoni.

Tena fikiria wimbo unasikilizwa wapi. Nani ana spika za studio Hamugembe? Watu wanasikiliza kwenye simu, kwenye redio ya bodaboda, kwenye Hiace ya Muleba yenye spika moja iliyopasuka. Simu haina besi ya chini kabisa, kwa hiyo ngoma iliyojengwa juu ya besi hiyo inabaki mifupa. Spika moja haina kushoto wala kulia, kwa hiyo sauti ya kiitikio iliyotandazwa kwa hila za kompyuta inajila yenyewe na kufifia. Miksi isiyojaribiwa kwenye simu haijamaliziwa, sawa na muswada usiosomwa mara ya pili. Mhakiki akiandika "maneno hayasikiki vizuri ubeti wa pili", huo ni uhakiki wa fasihi kamili. Ametuambia sehemu ya matini imefutwa na nani kaifuta.

Uchangamfu siyo mbio

Najua jibu linalokuja: "Vijana wanataka kuchangamka, wewe unatuletea irabu." Sawa. Tuongee uchangamfu.

Mwisho wa mwaka 2016 nchi nzima ilikuwa kwenye "Muziki" ya Darassa akiwa na Ben Pol. Hip hop, imechangamka, harusini inapigwa, baa inapigwa. Usikilize tena leo. Darassa hakimbii. Anatua, anaacha pengo, anarudi kwa utulivu, na lile pengo ndilo linalokufanya usogeze bega. Uchangamfu umetoka kwenye nafasi alizoziacha wazi. Cha kuchekesha ni kwamba kiitikio chake kinahimiza watu wapunguze mdomo muziki upigwe, na wahakiki wetu wakafanya kinyume: muziki wakauacha, wakashika mdomo.

Miezi hiyo hiyo, Septemba 2016, Diamond Platnumz na Rayvanny walitoa "Salome", iliyojengwa juu ya "Maria Salome" ya Saida Karoli wetu, ule ambao wengi wanauita "Chambua Kama Karanga". Siyo hip hop, lakini somo lake linatuhusu. Saida alitikisa nchi mwanzoni mwa miaka ya 2000 akiimba Kihaya kwa watu wasiojua hata salamu ya Kihaya. Hakuwa na biti ya kukodi. Ngoma ilikaa chini ya lugha yake, sauti ikapaa pale maneno yalipotaka kupaa. Watu hawakuelewa neno, lakini walisikia kwamba maneno yapo na yana mwenyewe. Miaka 15 baadaye wimbo ule ule ulikuwa bado una nguvu ya kubeba nyota wakubwa wa Dar es Salaam wakiwa na beti zao za Kiswahili. Kwa hiyo yule anayemwambia kijana wa Bukoba kwamba Kihaya hakiuzi, na kwamba hakichangamshi, anabishana na historia ya juzi tu, ambayo ma-DJ wake mwenyewe bado wanaipiga.

Wengine watasema ninataka kila mhakiki awe fundi mitambo. Hapana. Hakuna anayehitaji kununua mashine. Gonga meza kwa kidole, hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha kwa nne. Umepata mwendo, na umeupata kwa mguu wako mwenyewe. Hesabu silabi za mistari minne, uone wapi mchanaji anajaza na wapi anaacha. Sema mstari kwa sauti ya kawaida, kisha usikilize jinsi ulivyochanwa, uandike wapi vimeachana. Kama ni Kihaya, kaa na mzee anayekijua vizuri, mpe kahawa ya kutafuna, mpigie wimbo kwenye simu, muulize amesikia nini. Neno alilosikia yeye likitofautiana na lililoandikwa na kijana, hapo una makala nzima mkononi. Hakuna jedwali litakalokupa hiyo.

Ombi langu kwa wanaohariri kurasa za fasihi ni moja: mkiletewa uhakiki wa rap, jiulizeni kama ungebaki vile vile hata wimbo ungekuwa haujawahi kurekodiwa. Kama ungebaki, urudisheni. Kwa maprodyuza wa Bukoba: msikilizeni kijana akisema mistari yake bila biti kwanza, ndipo mfungue kompyuta mpange mapigo. Inachukua dakika tatu. Kwa walimu wa fasihi simulizi: mnapofundisha majigambo, leteni na spika darasani.

Wapiga nanga wanazeeka na wanaondoka, na hatukuwarekodi vya kutosha. Tulichonacho ni vijana ambao bado wanataka kuchana kwa lugha ya bibi zao. Kila anayeambiwa afupishe irabu ili aingie kwenye mapigo 118, na kila mhakiki anayepita bila kuliona hilo, wanafanya kazi moja: kumfundisha yule kijana kwamba lugha yake ndiyo yenye kasoro. Akishaamini hivyo, hataandika tena. Na ninyi mtabaki na jedwali lenu, lina ufunguo, lina mapigo, lina asilimia ya furaha, na wimbo wenyewe haupo.